Viboko wa Bandia: Wastaafishwe au Waendelee na Kazi?

Kiboko wa kwanza aliibuka upande wa kushoto wa mashua, akatikisa masikio, kisha akazama polepole kama mzee anayeketi. Wa pili akafuata, amepanua kinywa. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka 9, alinishika mkono kwa nguvu, na mimi, niliyekwisha kuwaona viboko halisi mara nyingi, nilijikuta nimevuta miguu nyuma.

Msomaji asidhani kwamba tulikuwa Rufiji, wala katika mfereji wa Kazinga kule Uganda. Tulikuwa mjini Anaheim, katika jimbo la California, Marekani, ndani ya bustani ya burudani iitwayo Disneyland. Mto wenyewe ulichimbwa na watu. Maji yake hutiwa rangi ili abiria asiione reli iliyofichwa chini, ambayo ndiyo inayoiongoza mashua. Nahodha huongeza au kupunguza mwendo tu, kona si kazi yake. Na viboko wale ni mashine. Wao, au waliowarithi, wamekuwa wakiibuka na kuzama katika mto huo tangu bustani ilipofunguliwa tarehe 17 Julai, 1955.

Kwa hesabu za kazini kwetu, mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1955 angekwisha kustaafu zamani, akapewa mkono wa kwaheri, na pengine saa ya ukutani. Swali hilo hilo la kustaafu ndilo linalowagawa Wamarekani wengi wapendao bustani za namna hii. Je, maajabu ya kale yaliyoundwa kwa mikono, kwa gia, mafuta, hewa, maji, moto na vioo, yastahili kuendelea kuwepo? Au yang'olewe, mahali pake pawekwe sinema kubwa zinazoendeshwa kwa kompyuta?

Mpwa wangu, baba wa mtoto huyo, anafanya kazi ya kompyuta mjini Los Angeles. Asubuhi ile, baada ya shikamoo na chai, alikuwa amekwisha kunitangazia msimamo wake.

"Mjomba," aliniambia, "utaona mambo yaliyopitwa na wakati. Tiketi ni ghali, foleni ni ndefu, na mwisho wa foleni unamkuta tembo wa mpira. Ningekuwa mimi, ningefagia kila kitu nikaanza upya."

Mimi, ambaye ujana wangu uliishia katika karakana, nilimjibu kwamba kwanza nione ndipo niseme.

Basi nikaona. Safari ile ya mashua, iitwayo Jungle Cruise, huchukua dakika 7 hivi. Katika dakika hizo abiria hupita mito ya Asia, Afrika na Amerika ya Kusini bila kusimamishwa na afisa forodha hata mmoja. Mashua zina majina kama Congo Queen, Nile Princess na Zambezi Miss. Tembo huoga na kurusha maji. Bwawa lao liliongezwa mwaka 1962 kwa ubunifu wa mchoraji Marc Davis. Kuna maporomoko ya maji ambayo mashua hupita nyuma yake, na nahodha huyasifu maji hayo kwa upande wake wa nyuma kana kwamba ni ajabu ya dunia. Abiria wote hucheka, ingawa mzaha huo umekwisha kurudiwa mara zisizohesabika.

Walt Disney, mwenye bustani, mwanzoni alitaka wanyama hai. Wataalamu wakamweleza jambo ambalo kila aliyetembelea Mikumi wakati wa jua kali analijua: mnyama halisi hulala, hujificha, humpa mgeni mgongo. Ndipo ikaamuliwa kutumia mashine. Miti, hata hivyo, ilikuwa halisi tangu mwanzo. Bwana shamba wa bustani, Bill Evans, alitafuta mimea kila upande, na alipopungukiwa aliichukua michungwa iliyong'olewa, akaisimika kichwa chini miguu juu, mizizi ikapata sura ya matawi ya mwitu wa ajabu. Leo ujanja huo hauhitajiki tena. Miche ya 1955 imekuwa msitu wa kweli, wenye kivuli na unyevu wake. Nilimwonyesha mpwa wangu vigogo vile, nikamwambia kwamba hapo pana kitu kimoja ambacho fedha haiwezi kukinunua kwa juma moja, nacho ni umri.

Nilipotaka kujua safari hii ilibuniwa kutokana na nini, niligundua kwamba mizizi yake inafika mbali, na mmoja unafika kwetu Kigoma. Harper Goff, mchoraji aliyeshiriki kuisanifu, alivutiwa na filamu iitwayo The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951 na kupigwa picha katika Kongo na Uganda. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935, ihusuyo mashua chakavu inayoikabili meli ya Kijerumani ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na nyuma ya riwaya hiyo ziko habari za vita vya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo tuliyoijua baadaye kwa jina la Liemba.

Sisi wenyewe, basi, tunayo hadithi ya chombo cha kale kilichokataa kufa. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ikabeba watu, dagaa na mizigo kwa miongo mingi. Iliponea kwa ile grisi. Fundi aliyeipaka aliamini kwamba chombo chenye mwili wa chuma kinaweza kungoja, kikafufuliwa.

Fikra hiyo nilikwenda nayo hadi katika jumba la pili, liitwalo Haunted Mansion, yaani jumba la mizimu, lililofunguliwa tarehe 9 Agosti, 1969. Humo abiria huketi katika vigari vinavyotembea polepole gizani. Hufika mahali panapofanana na roshani, wakatazama ukumbi mkubwa chini yao. Na katika ukumbi huo wafu wanacheza dansi. Wanaonekana, lakini meza inaonekana kupitia miili yao. Wanazunguka, wanafifia, wanarudi.

Mjukuu wangu hakuogopa. Alikasirika kwa kutojua. Tulipotoka nje aliniuliza, "Babu, wale wamefanywaje?"

Nilimwuliza kama amewahi kusafiri kwa gari usiku, taa zikiwa zimewashwa ndani. Akasema ndiyo. "Ulipotazama dirishani uliona nini?" Akafikiri, akasema aliona uso wake mwenyewe ukielea nje, juu ya miti. "Basi," nikamwambia, "umekwisha kumwona mzimu. Mzimu ni wewe."

Hiyo ndiyo siri yote. Kati ya abiria na ukumbi pamesimamishwa vioo vikubwa. Wachezaji wenyewe, ambao ni masanamu ya mashine, wako mahali pengine, chini na juu ya njia ya abiria, wasipoonekana. Taa zikiwamulika, picha zao hujitokeza katika kioo, na jicho huzipeleka ukumbini. Ujanja huu ulikuwako karne nzima kabla ya jumba kujengwa. Henry Dircks aliubuni, na John Henry Pepper akauonyesha hadharani mjini London mwaka 1862, hata ukabaki na jina lake. Hakuna mtambo wa ajabu. Kuna kioo, taa, giza, na mtu aliyepima kwa makini kila kimoja kikae wapi.

Siku mbili baadaye mpwa wangu, kwa kutaka kunishinda kwa hoja, alitupeleka Universal Studios Hollywood, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Anaheim. Huko watazamaji hupandishwa katika gari refu lenye mabehewa na kuzungushwa katika viwanja vya sinema. Kati ya maajabu ya zamani ya safari hiyo, lililosifiwa sana lilikuwa sokwe mkubwa, King Kong, aliyewekwa mwaka 1986. Alisanifiwa na Bob Gurr, alikuwa na urefu wa mita 9 hivi, na alipowainamia abiria pumzi yake ilinukia ndizi. Tarehe 1 Juni, 2008, moto mkubwa uliteketeza sehemu ya viwanja hivyo, na Kong akateketea pia. Mwaka 2010 alirudi, lakini alirudi akiwa sinema. Abiria huvaa miwani maalumu, gari hutikiswa, na pande zote mbili sokwe hupigana na mijusi wakubwa wa kale.

Sitaki kumdanganya msomaji. Sinema ile ni nzuri, na mjukuu wangu alipiga kelele za furaha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini dakika chache kabla au baada ya hapo, sikumbuki vizuri, gari letu liliingia katika kituo cha treni za chini ya ardhi, kazi ya mwaka 1989. Ardhi ikatetemeka. Barabara ya juu ikapasuka, lori la mafuta likateleza likatujia, moto ukalipuka, treni ikaacha njia, na maji yakabubujika kutoka ngazini. Kisha, mbele ya macho yetu, kila kitu kikaanza kurudi mahali pake, tayari kwa gari linalofuata.

Hapo nilimtazama mtoto. Katika sinema alipiga kelele. Katika tetemeko alinyamaza, akageuka nyuma, akaendelea kutazama hadi lori lilipopanda tena. Jioni hiyo hakuuliza lolote juu ya Kong. Aliuliza lile lori limefungwa kwa nini, maji yanakwenda wapi, na nani huyarudisha.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa iko hapo. Sinema humfurahisha mtoto lakini njia yake imefungwa. Hata baba yake, mwenye kazi ya kompyuta, hakuweza kumweleza kwa maneno machache jinsi unywele mmoja wa sokwe ulivyochorwa. Kitu kilichofanywa kwa mikono humwachia mtoto mlango wazi. Humwambia kwamba ajabu hii imetengenezwa na mtu, na wewe ukitaka waweza kujua jinsi yake. Isitoshe, kitu hicho huwaweka kazini watu wenye ujuzi: mchongaji, fundi umeme, mchomeleaji vyuma, mpaka rangi. Usiku, wageni wakishaondoka, watu hao huingia na taa zao wakakagua, wakapaka grisi, wakabadilisha kilicholika. Kikifutwa kitu kimoja, hufutika pamoja nacho ujuzi wa namna yake, na ujuzi uliokosa mahali pa kufanyiwa kazi hauchukui miaka mingi kupotea.

Hata hivyo hoja za upande wa pili zina uzito, na si haki kuzipita. Vipuri vya mashine za kale havitengenezwi tena, hivyo kila kimoja lazima kichongwe upya kwa gharama. Uwanja wa bustani hauongezeki, na kila kikongwe kinachobaki humnyima kijana nafasi. Familia iliyotoa akiba yake kununua tiketi ina haki ya kupata kitu kinachofanya kazi. Samaki papa wa Universal kule Florida, aliyewatisha watu tangu 1990, alifungiwa tarehe 2 Januari, 2012, na mahali pake pakajengwa mtaa wa wachawi wa Harry Potter, uliofunguliwa mwaka 2014 na kuwavuta watu wengi. Ndugu yake wa Hollywood, aliyeanza kazi mwaka 1976, tulimkuta angali akiuma hewa kando ya gari letu. Uamuzi wa nani abaki na nani aondoke haukutokana na umri peke yake.

Ningekuwa nimemaliza makala yangu hapa, nikiwa nimeridhika kwa upande wa mafundi, kama mjukuu wangu asingeuliza swali moja zaidi. Tulikuwa mezani. Akaniuliza kwa heshima zote, "Babu, huko kwenu watoto wanakwenda shule kwa mashua kama ile?"

Baba yake aliweka kijiko chini. Mimi nilicheka, nikamwambia kwamba wengi hukwenda kwa miguu, na mjini wako wanaogombea daladala, wala kiboko hawamwoni ila kitabuni. Lakini kicheko changu hakikudumu. Katika dakika 7 za mzaha, mtoto wa damu yetu alikuwa amepata somo la jiografia ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumpa.

Ndipo mpwa wangu akanieleza habari ambayo hakuwa ameitaja. Kwa miongo mingi, kando ya mto ule palikuwa na masanamu ya watu pia. Palikuwa na Waafrika wenye mikuki, wakicheza na kuvizia. Palikuwa na wapagazi waliokwea mti pamoja na msafiri wao wa kizungu wakimkimbia kifaru. Palikuwa na mchuuzi wa vichwa vya binadamu vilivyokaushwa, na nahodha alimfanyia mzaha. Mwezi Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba sehemu hizo zitabadilishwa, na tarehe 16 Julai, 2021, safari ilifunguliwa upya bila hao wenye mikuki wala yule mchuuzi. Kifaru amebaki na mti umebaki, lakini waliokwea sasa ni wasafiri wa mataifa mbalimbali. Katika jumba la maharamia, Pirates of the Caribbean, lililofunguliwa mwaka 1967, palikuwa na mnada wa wanawake waliofungwa kamba. Huo nao ulibadilishwa mwaka 2018.

"Wako waliolalamika, Mjomba," aliendelea. "Walisema ni historia, isiguswe. Ndiyo maana nilikwambia ningefagia kila kitu. Sikuwa nikifikiria kutu. Nilikuwa nikimfikiria huyu." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

Nilikaa kimya kitambo. Mzee anayetetea vya kale huona haya anapokumbushwa kwamba si kila cha kale ni cha kutetewa. Wenye kulalamika walikuwa na maneno yangu mwenyewe mdomoni: kazi ya mikono, ubunifu wa mabingwa, kumbukumbu za vizazi. Na ni kweli kwamba mkono uliochonga masanamu yale ulikuwa na ujuzi. Lakini ujuzi wa mchongaji hauwezi kumlipa mtu aliyechongwa kwa uongo. Na sisi wa pwani hii, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mnada wa binadamu si kichekesho.

Nilimjibu mpwa wangu hivi, na ndiyo hukumu yangu hadi leo. Kuna kuzeeka kwa aina mbili. Kitu huzeeka kwa kutu, na dawa ya kutu ni fundi, grisi na bajeti. Kitu pia huzeeka kwa uongo, watu wanapojua kwamba kile kilichosemwa juu ya wenzao hakikuwa kweli. Hapo hakuna grisi itakayosaidia, sharti kiondolewe. Kosa la wanaotaka kufagia vyote ni kutibu kutu kwa kung'oa. Kosa la wanaotaka kisiguswe chochote ni kuuita uongo urithi. Mto ule wa California umeonyesha kwamba kazi hizi mbili zaweza kutengwa: masanamu ya dharau yameondoka, na viboko wangali wakitikisa masikio.

Mpwa wangu hakukubali yote. Alisema viboko nao wana uongo wao mdogo, kwani wanamfanya mtoto aamini Afrika ni mto na meno. Nilikubali kwamba ana neno. Kampuni hiyo hiyo ilifungua mwaka 1998 huko Florida bustani yenye wanyama hai, ikajenga humo mji wa kuigiza wa pwani yetu uitwao Harambe, jina lililochotwa katika harambee yetu, na kuiga majumba ya Lamu. Hata hapo mgeni huona kuta tu. Wenye kuta wako huku. Jibu la upungufu huo si kumuua kiboko wa mashine. Ni mtoto kuletwa nyumbani akaone mwenyewe. Nilimwahidi mjukuu wangu kwamba likizo ijayo nitampeleka Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, akaone nyumba za kweli zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi, ambazo nazo zisipoezekwa upya hubomoka. Kisha twende Mikumi, kwenye bwawa la viboko.

Usiku ule, tulipodhani amelala, tulisikia akituita jikoni. Alikuwa amezima taa, akasimamisha mezani kioo alichokitoa katika fremu ya picha, akaficha mwanasesere nyuma ya boksi na kummulika kwa tochi. Kwenye kiti kitupu cha baba yake aliketi mzimu mdogo, mweupe, mwenye kupenya nuru. Baba yake aliinama akatazama kutoka pembe hii na ile, akasahau kabisa kwamba alikuwa upande wa sinema.

"Babu," mtoto akasema huku akisogeza tochi, "hao viboko wa Mikumi nao huibuka kila mashua ikipita?"

Nikamwambia la. Wale hawana zamu. Itabidi tukae, tunyamaze, tuwangoje.